Upanga wa nakala wa Zama za Kati: kwa nini uliotengenezwa vizuri unahisi mwepesi kuliko mizani inavyosema?

#1 Makali Mawili
Habari wakuu. Swali hili ni kwa wenye panga za nakala za kazi, siyo zile za kutundika ukutani. Chukua panga mbili za mkono mmoja, aina ya XII kwenye mpangilio wa Oakeshott, ule unaogawa panga za Zama za Kati kwa maumbo: bapa pana, mfereji uliochongwa katikati unaofika karibu theluthi mbili ya bapa, msalaba ulionyooka, yaani kile chuma cha kukingama kati ya bapa na mpini, na pomeli ya duara, yaani lile donge la chuma la mwisho wa mpini. Wa kwanza ni wa bei rahisi, kilo 1.2. Wa pili umetengenezwa na anayejua kazi, nao kilo 1.2. Fumba macho, shika mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza unavuta kifundo cha mkono chini. Wa pili ncha inakwenda unakotaka na inasimama unapotaka.

Mizani inasema ni sawa. Nani anadanganya? Msimamo wangu: siri ni pomeli. Uzito wa nyuma unabeba wa mbele, basi. Nipingeni.

#2 Tupa na Msasa
Pomeli ni jibu la kila anayeshika upanga kwa mara ya kwanza. Chukua kalipa upime unene wa bapa sehemu tatu: jirani na msalaba, katikati, na sm 5 kabla ya ncha. Kwenye upanga mzuri wa aina hiyo utakuta kitu kama mm 5.5, mm 4, mm 2.3. Kwenye ule rahisi utakuta mm 4.5, mm 4.5, mm 4. Ni bamba lililokatwa umbo la upanga kisha likanolewa pembeni.

Kushuka kwa unene hakuonekani kwenye picha ya tangazo, ndiyo maana ndicho kitu cha kwanza kuachwa. Picha inaonyesha upana tu. Na kukiweka kunakula muda na mikanda ya msasa, halafu kosa dogo tu bapa linapata wimbi.

#3 Mizani ya Shaba
Naunga mkono #2, ila tuweke namba. Kinachosumbua kifundo ni ukinzani wa kuzungushwa, na huo unahesabiwa kwa uzito mara umbali mara umbali tena. Shika nyundo kwa mpini uizungushe, kisha igeuze uishike kwa kichwa: chuma ni kilekile, mkono unakwambia vingine.

Sasa hesabu toka kwenye msalaba. Pomeli ya gramu 300 iliyo sm 12 nyuma: 0.3 × 0.12 × 0.12 = 0.0043. Gramu 40 tu za chuma cha ziada zilizo sm 70 mbele: 0.04 × 0.7 × 0.7 = 0.0196. Yaani gramu 40 za mbele zina ukaidi zaidi ya mara nne ya pomeli nzima. Anayepunguza unene wa theluthi ya mwisho anagusa mahali penye faida, na chuma hichohicho akikiacha jirani na msalaba hakimgharimu karibu chochote. Kilo 1.2 inabaki kilo 1.2.

#4 Makali Mawili
Mizani ya Shaba, hesabu nimeielewa, lakini umenisaidia mimi. Kama pomeli haina kazi, wahunzi wa wakati ule walikuwa wanapoteza gramu 300 za chuma kwa urembo? Chuma kilikuwa ghali.

#5 Mizani ya Shaba
Sijasema haina kazi. Ina kazi nyingine: inasogeza kitovu cha uzito, yaani pale upanga unapotulia sawa juu ya kidole. Bapa na msalaba pamoja gramu 900, kitovu chake sm 20 mbele ya msalaba. Ongeza pomeli ya gramu 300 sm 12 nyuma: (900 × 20 − 300 × 12) ÷ 1200 = sm 12. Umetoka 20 hadi 12, na hapo ndipo panga nyingi za mkono mmoja zinapokaa, kati ya sm 10 na 15.

Lakini angalia gharama. Ukihamisha zile gramu 40 kutoka eneo la ncha kwenda msalabani, kitovu kinarudi sm 2.3 bila kuongeza hata gramu moja. Kupata sm 2.3 hizo kwa pomeli peke yake unahitaji kuongeza kama gramu 130. Ndiyo maana nakala mbaya zina pomeli kubwa kama ngumi: mtengenezaji anatibu bapa nene kwa kuongeza mzigo upande wa pili. Kitovu cha uzito kwenye tangazo kinapendeza, mkononi unazungusha chuma chenye uzito kwenye ncha zote mbili.

#6 Kinoo
Mnahesabu sana. Kuna kipimo cha nyumbani. Weka viti viwili migongo ikitazamana, egemeza mikono ya msalaba juu yake, bapa lining'inie katikati. Sukuma kidogo, hesabu mibembeo 20 ya kwenda na kurudi, gawa kwa 20. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa 24.8. Unapata sentimita kutoka msalabani hadi mahali kwenye bapa panapotulia ukiutikisa upanga haraka kwa vidole viwili hapo msalabani. Sekunde 1.6 inakupa sm 63.5. Kadiri panavyosogea kwenye ncha, ndivyo ncha inavyotulia mkono ukihama. Linganisha panga mbili kwa namba hiyo na mjadala umeisha.

#7 Mizani ya Shaba
Haujaisha, Kinoo. Fomula yako ni sahihi, matumizi ndiyo nayapinga. Chukua upanga wa kitovu sm 12 unaobembea sekunde 1.60, na mwenzake wa uzito uleule, kitovu sm 14.3, unaobembea 1.62. Kwa kipimo chako ni mapacha. Sasa zidisha uzito kwa umbali wa kitovu kwa lile jibu la mwisho, kwa kilo na mita: 1.2 × 0.12 × 0.635 = 0.091, na 1.2 × 0.143 × 0.651 = 0.112. Wa pili ni mgumu kuzungusha kwa asilimia 22 hivi. Mbembeo peke yake utakuficha hilo. Unahitaji vitu vitatu: mizani, kitovu, na mbembeo.

#8 Kinoo
Sawa, vitatu. Viti ni vilevile lakini 😄

#9 Ngao Ndogo
Naona wote mnapima chuma, hakuna anayepima mkono. Mpini wa upanga wa mkono mmoja wa Zama za Kati ni mfupi, sm 9 hadi 11 hivi. Mwenye nakala mpya analalamika "mpini umebana", anaukamata kwa ngumi nzima, pembe mraba na mkono, na hapo upanga wowote unakuwa mzito. Upanga huu unashikwa kwa mshazari: kidole cha shahada na gumba vinabana jirani na msalaba, vidole vitatu vinalegea na kukaza, na pomeli inaingia kwenye kiganja bapa linaponyooka mbele. Mpini mfupi upo kwa makusudi. Ukitazama michoro ya I.33, kitabu cha mafunzo ya upanga na ngao ndogo cha mwanzoni mwa karne ya 14, kinachotunzwa makumbusho ya Royal Armouries kule Leeds, Uingereza, mikono iliyonyooshwa mbele na ngao ndogo haikamati kwa ngumi ya kuchimbia shimo.

Halafu umbo la mpini. Mzuri una mkato wa yai, kichwani umepungua. Mkono unajua makali yako wapi bila macho. Rahisi mpini wake ni bomba la duara lililozungushiwa ngozi. Makali yakipinda nyuzi chache tu wakati wa kukata, bapa linakwama au linayumba, na mtu anasema "upanga mzito". Hiyo ndiyo tofauti ya #1 kwa maoni yangu.

#10 Tupa na Msasa
Ngao Ndogo una hoja, ila #1 amesema kushika, hajasema kukata. Na panga mbili zenye mipini inayofanana bado zinatofautiana.

#11 Shaka Kwanza
Nami niongeze kuni. Nani kati yenu amejaribu bila kujua upi ni upi? Aliyelipa bei kubwa mkono wake unaamini kabla haujashika. Jaribio la haki: mtu mwingine azungushie mipini yote miwili kitambaa kilekile, mshikaji afumbwe macho, apewe kwa mpangilio wa kubahatisha, ajibu mara 10 upi ni upi. Akipata 9, tuendelee na hesabu. Akipata 5, uzi ufungwe.

#12 Ngao Ndogo
Mfumbe macho mtu ukampe upanga. Wazo zuri sana. Wewe ndiye utakayesimama mbele?

#13 Shaka Kwanza
Butu, mkuu. Butu. Na mimi nitakuwa chumba cha pili.

#14 Karatasi za Zamani
Msijikite kwenye kilo 1.2 kama namba takatifu. Panga halisi za mkono mmoja zilizobaki nyingi ni kilo 1 hadi 1.4. Zile za mikono miwili za karne ya 15 nyingi ni kilo 1.2 hadi 1.8. Hadithi za kilo 7 au 10 chanzo chake kimojawapo ni panga za maandamano, kubwa kupita kiasi, zilizobebwa mbele ya wakubwa na hazikukusudiwa kupigana. Hata zile ndefu kabisa za mikono miwili za karne ya 16 kawaida zinazunguka kilo 2 hadi 3.5.

Tahadhari kwa wanaonakili kutoka makumbusho: upanga uliotoka ardhini umeliwa na kutu, na huenda enzi zake ulinolewa miaka na miaka. Uzito wa leo siyo uzito wa siku ulipotoka kwa mhunzi. Nakala iliyofuata gramu zilezile kwa umbo la mwanzo inabidi iibe chuma mahali fulani.

#15 Tupa na Msasa
Hilo linategemea ulipolala. Panga zilizotolewa mto Dordogne karibu na Castillon, Ufaransa, zinazohusishwa na vita vya mwaka 1453, ziko karibu 80 na baadhi zimehifadhika vizuri sana. Kwa hizo kupima unene kuna maana. Kwa upanga wa kaburini uliobaki kama biskuti, sikubishii.

#16 Mpya Hapa
Samahani kuingilia. Ukiugonga upanga wangu kwenye pomeli kwa kiganja kuna mlio "tik" pale msalabani. Ni wa msuka (ule ulimi wa bapa unaopita ndani ya mpini) uliopondwa mwishoni juu ya pomeli, hauna nati. Ni mbovu? Asanteni.

#17 Tupa na Msasa
Karibu. Kwanza tafuta mlio unatoka wapi. Shika bapa kwa kitambaa kinene, bana msalaba kwa vidole uusukume mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Ukicheza wenyewe, tundu la msalaba ni kubwa kuliko msuka. Kama msalaba umekaza na mpini ndio unazunguka kidogo, mbao ya ndani imekauka na kusinyaa. Kama vyote vimetulia na pomeli ndiyo inacheza, kichwa cha msuka hakikupondwa sawasawa.

Tiba hazifanani. Msalaba: kabari nyembamba za chuma laini au shaba pande mbili za msuka, zigongwe taratibu kwa fimbo ya shaba. Mbao: uache wiki chache mahali penye unyevu wa kawaida kabla hujagusa kitu. Pomeli: bana bapa kwenye jiliwa lenye mbao laini pande zote, gonga kichwa cha msuka kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi mengi kuzunguka ukingo. Usipige katikati kwa nguvu, na usipashe moto: joto linashuka kwenye msuka, linaunguza mbao na gundi.

#18 Kinoo
Mimi natofautiana. Nakala nyingi za msuka uliopondwa zikianza mlio sababu ni mbao, asilimia kubwa. Kugonga pomeli kunakaza kwa muda, majira yakibadilika mbao inavimba na mpini unapata ufa wa urefu. Tone la gundi nyembamba ya epoksi kwenye ufa wa msalaba, upanga ukisimama ncha juu usiku kucha, limetosha.

#19 Tupa na Msasa
Epoksi inaficha mlio, haishiki mzigo. Na siku ukitaka kubadilisha mpini utanilaani mimi niliyesoma ushauri wako nikanyamaza.

#20 Karatasi za Zamani
Kuponda msuka juu ya pomeli ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya Zama za Kati. Nati ni jambo la baadaye.

#21 Msuka Mnene
Kweli, lakini watu wasikimbie nati. Nati nzuri juu ya msuka mpana wa chuma kilekile cha bapa ni salama na inafunguka kwa matengenezo. Kinachoua ni msuka mwembamba kama bolti uliochomelewa nyuma ya bapa. Unavunjika kwenye weldi, na bapa linaruka mbele.

Sehemu ya pili ya kuvunjika ni mabega, pale bapa linapogeuka kuwa msuka. Kona kali ya mraba inakusanya mkazo, ufa unaanzia hapo. Kona ikilainishwa kwa mviringo wa mm 2 au 3 tatizo linapungua sana. Kabla ya kununua omba picha ya msuka ukiwa uchi. Muuzaji akikosa picha, uliza upana wake msalabani: chini ya nusu ya upana wa bapa, fikiri mara mbili. Na chuma kiwe cha springi, 5160 au 6150 au 1075, kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwe kigumu, kisha kulegezwa hadi kama 48 hadi 54 kwenye HRC, kipimo cha ugumu wa chuma. Chuma kisichoshika kutu cha 420 au 440 kwenye bapa la sm 80 ni cha ukutani.

#22 Mpya Hapa
Msalaba ndio unacheza, kulia na kushoto. Naanza na kabari. Na kutu je? Nimeona madoa ya rangi ya chai umbo la vidole.

#23 Kinoo
Chumvi ya jasho. Hata dakika chache za kupitisha vidole kwenye bapa zinatosha kuacha alama kesho yake. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha spiriti, kisha mafuta ya cherehani matone matatu au manne upande mmoja, pangusa hadi bapa lionekane kama halina kitu. Mafuta mengi yanashika vumbi, vumbi linashika unyevu. Kwa madoa yaliyopo: msasa namba 800 wenye mafuta, uwe umezungushiwa kipande cha mbao, na ufuate mwelekeo wa mistari ya kiwandani. Ukisugua kwa duara utaona alama hiyo maisha yako yote. Wa kukaa muda mrefu, nta badala ya mafuta.

Na usiuhifadhi ndani ya ala. Ngozi na mbao zinabeba unyevu, na mbao kama mwaloni zina tindikali yake. Ala ni ya kubebea.

#24 Karatasi za Zamani
Ala nzuri ni mbao nyembamba mbili zilizochongwa kufuata bapa, zikavikwa kitani au ngozi. Ikichongwa kwa kubahatisha, bapa linagonga ndani na kupoteza makali. Ipimeni hivi: juu ya godoro, geuza ala mdomo chini. Upanga usianguke, lakini utoke kwa kuvuta kwa vidole viwili. Ukianguka, gundisha ukanda mwembamba wa sufu mdomoni. Ukikwama, paka bapa unga wa chaki, ingiza, toa, uone chaki imefutika wapi, hapo ndipo pa kukwangua.

#25 Makali Mawili
Uzi wangu umekuwa karakana 😄 Turudi. Kuhusu mfereji: hapo kati ya #2 na #3 hakuna aliyeutaja. Siyo ndiyo unaopunguza uzito?

#26 Msuka Mnene
Unapunguza, na unaruhusu bapa libaki gumu kupinda kwa chuma kidogo. Hadithi ya kupitisha damu tuiache. Lakini mfereji wa aina ya XII unaanza msalabani na kukoma kabla ya ncha, kwa hiyo chuma kingi unachotoa ni cha eneo ambalo kwa hesabu ya #3 halina ukaidi mkubwa. Kwa hisia ya mkono, theluthi ya mwisho iliyo nyembamba inashinda mfereji.

Mimi naongeza maelezo ambayo hamjayagusa: mtetemo. Ning'iniza upanga kwa kushika mpini kwa vidole viwili, piga bapa kwa ngumi laini. Kuna sehemu mbili zisizotetemeka, moja mbele kwenye bapa, nyingine nyuma. Ile ya nyuma ikiangukia chini ya kidole cha shahada, mkono haupati mshtuko na upanga unahisi "hai". Ikiangukia mbele ya msalaba, kila ukigonga kitu mpini unauma mkononi.

#27 Mizani ya Shaba
Mtetemo unahusu kugonga. Swali ni hewani.

#28 Msuka Mnene
Na kusimamisha ncha ghafla hewani kunafanya bapa litetemeke. #1 amesema "inasimama unapotaka". Soma tena.

#29 Shaka Kwanza
Kwa hiyo tuna unene, pomeli, mpini, mtetemo, na pochi. Kila mtu ameleta chombo anachomiliki kukipimia.

#30 Karatasi za Zamani
Ongeza la sita. Peter Johnsson, mhunzi wa Sweden aliyepima panga nyingi za makumbusho, anapendekeza kwamba vipimo vya panga nyingi vilipangwa kwa jiometri ya duara na mraba, urefu wa mpini, msalaba na bapa vikifungamana. Kama ni hivyo, uzuri wa mkononi ni matokeo ya uwiano mzima.

#31 Tupa na Msasa
Jiometri inapanga urefu na upana. Unene hauonekani kwenye mchoro wa bapa. Mtu anaweza kufuata duara zote hizo akatoa mtarimbo.

Na bidhaa duni hazikuanza leo. Kwa vipimo vya Alan Williams, mtafiti wa vyuma vya kale, panga zenye jina la Ulfberht kwenye bapa, nyingi za karne ya 9 hadi ya 11, baadhi zina kaboni nyingi na chuma safi, nyingine jina limeandikwa kwa herufi zilizohama na chuma ni laini.

#32 Mpya Hapa
Kabari zimekaza, mlio hakuna. Nimepima kwa kalipa kama #2 alivyosema: 5.2, 4.1, 3.4. Kitovu sm 13. Kilo 1.28. Ni mzuri au mbaya?

#33 Tupa na Msasa
Hiyo 3.4 kabla ya ncha ni nene kidogo kwa aina ya XII. Ungekuwa upanga wa kuchoma, wenye uti katikati kama XV au XVIII, ningesema sawa kabisa, kwa sababu ncha ya kuchoma inahitaji ugumu na upana wake unashuka haraka.

#34 Mizani ya Shaba
Bila upana namba hizo hazisemi kitu. Mm 3.4 kwenye upana wa sm 2 ni chuma kidogo kuliko mm 2.3 kwenye upana wa sm 3.5. Mpya Hapa, pima upana sehemu zilezile tatu, na ubembeze kwenye viti vya Kinoo mara 20.

#35 Ngao Ndogo
Na picha ya mpini tafadhali, upande wa kichwani.